Shangazi, nataka kuendesha lori miezi 7 na kukaa nyumbani miezi 5

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 43, na miaka 16 kati ya hiyo nimeimalizia kwenye usukani wa lori. Nimebeba saruji, nimebeba mafuta, nimevuta makontena, lakini kwa miaka 4 sasa nabeba zaidi mazao. Kazi ya mazao ina msimu wake. Mavuno yakianza hakuna kulala. Yakiisha, malori yanapangwa uwanjani na sisi madereva tunakaa kwenye kivuli cha trela tukisubiri tajiri apige simu. Wenzangu huokota mizigo ya kubahatisha ili kusogeza siku. Mimi nikajiuliza, kwa nini nisiende nyumbani moja kwa moja? Nipige kazi miezi 7, halafu miezi 5 nikae na familia yangu.

Mwaka jana nilijaribu. Nilirudi na pesa ambazo mke wangu hakuwahi kuziona mkononi mwangu kwa mkupuo. Tulilipa ada, tukaezeka upande wa nyumba uliokuwa unavuja, nikamkopesha mdogo wangu. Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu. Wa pili nikaanza kuhesabu kila kinachotoka. Wa tatu tukawa hatuna kitu. Nikampigia tajiri, kumbe gari langu keshampa kijana mwingine. Nilisubiri wiki 5 kupata jingine, na nikaanza msimu nikiwa na deni lake, maana nilimwomba anitangulizie za matumizi ya nyumbani. Kwa sababu ya deni hilo sikukataa safari hata moja.

Shangazi, kuna jambo sijamwambia mtu. Ilikuwa mwezi wa 6 wa msimu huo. Niliamka saa 11 alfajiri kwenda kupakia, foleni ikanila mchana mzima, nikaondoka na mzigo jioni. Saa 9 usiku nakumbuka kibao cha kona. Kinachofuata ninachokumbuka ni matairi ya kushoto yakinguruma kwenye changarawe. Kati ya kibao na changarawe sina kumbukumbu yoyote. Niliurudisha usukani, nikasimama mbele kidogo, nikazima injini. Mikono ilitetemeka hadi nikashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji.

Sasa msimu unaelekea ukingoni na nataka kurudi tena nyumbani kwa miezi 5. Naamini nikilala vizuri muda wote huo nitakuwa nimelipa usingizi wote ninaodaiwa. Mke wangu hataki. Anasema mwanamume mwenye nguvu zake hakai nyumbani miezi 5. Anasema mwezi wa kwanza wananifurahia, wa tatu wananivumilia. Analalamika pia kuwa nakoroma hadi watoto wanasikia chumba cha pili, na kwamba kuna wakati pumzi inakatika kabisa, halafu nashtuka kama mtu aliyetaka kuzama. Mwenyewe mara nyingi najikuta macho usiku wa manane, mkono unatafuta gia.

Rafiki yangu ananishauri nichukue lori langu kwa mkopo, niwe bosi wangu mwenyewe, nipumzike nikitaka. Wewe unasemaje? Maisha haya ya msimu yanawezekana, au najidanganya?

Ni mimi, Dereva wa Msimu

*

Marahaba mwanangu.

Yanawezekana. Wapo watu wanaoishi hivyo miaka nenda rudi, na ipo kazi ya malori ambayo haiwezi kufanyika kwa namna nyingine. Kaskazini ya Kanada kuna barabara ya Tibbitt kwenda Contwoyto inayopeleka mizigo kwenye migodi ya almasi. Sehemu yake kubwa inapita juu ya maziwa yaliyoganda, hujengwa upya kila majira ya baridi tangu 1982, na hutumika kwa kama miezi 2 tu kabla barafu haijaanza kulegea. Kwenye bonde la Red River, Marekani, mavuno makuu ya viazi vya sukari, mizizi inayokamuliwa sukari, huanza mwanzoni mwa Oktoba, na malori hubeba usiku na mchana kwa wiki chache, basi. Huko msimu umewekwa na barafu na udongo, na hakuna anayemwita dereva mvivu kwa sababu barabara imeyeyuka. Kwa hiyo wazo lako halina aibu. Kilichokuangusha mwaka jana ni jinsi ulivyolipanga, na hapo naomba tukae kidogo.

Nitaanza na pesa kwa sababu ndizo zilizokurudisha barabarani kabla ya wakati. Lakini kuna mstari mmoja umeuandika kama wa kupitia tu ambao umenishughulisha kuliko deni lako lote. Nitaufikia.

Ulirudi na furushi la pesa, nyumba nzima ikaliona, na kila mwenye shida akajua siku ya kuja. Hizo hazikuwa pesa za ziada. Ulikuwa umebeba mishahara ya miezi 5 ambayo bado hujaiishi. Ukiezeka paa kwa mshahara wa mwezi wa 4, mwezi wa 4 ukifika utaukuta mtupu.

Hesabu yake si ngumu. Ukifanya kazi miezi 7 na kula miezi 12, basi kila unacholipwa kigawe mafungu 12: mafungu 7 ya kula sasa, 5 ya kuweka. Mwisho wa msimu utakuwa umeweka mafungu 35, yaani 7 kwa kila mwezi wa mapumziko, sawasawa na ulivyokuwa ukila ukiwa kazini. Hapo nyumba haitajua kama baba yuko barabarani au yuko kitini.

Ila hesabu hiyo inadhani tajiri atakupa gari siku ileile unayorudi, na wewe umeonja wiki 5 za kusubiri. Inadhani pia hakuna atakayeugua. Ongeza basi miezi 2 ya tahadhari. Miezi 7 ya kazi sasa inalisha miezi 14, na jibu linakuwa nusu kwa nusu: mafungu 6 unakula, 6 unaweka. Kaa na mke wako muulizane bila kuoneana haya kama mnaweza kuishi kwa nusu ya unachopata. Mkiweza, miezi 5 ni yenu. Mkishindwa, punguzeni mapumziko kabla ya kupunguza akiba. Ukifanya kazi miezi 9, ukala mafungu 8 na kuweka 4, unapata miezi 3 ya kupumzika na mwezi mmoja na nusu wa tahadhari juu yake. Miezi 3 yenye amani ni mirefu kuliko 5 ambayo nusu yake unatazama simu kama tajiri amepiga.

Ada, paa na mdogo wako viwekwe kwenye mafungu ya kula, wakati ukiwa kazini. Na zile za akiba zisikae mkononi mwako. Ziwekwe mahali zinapotoka mara moja kwa mwezi, tarehe moja, kiasi kilekile, na mke wako ndiye azipokee. Mkopo kwa ndugu ukiingia kwenye akiba hiyo, ujue umemkopesha siku zako za kulala nyumbani.

Kuhusu lori la mkopo, hapana. Ushauri wa rafiki yako unamfaa mtu anayetaka kufanya kazi mwaka mzima. Rejesho la mkopo linadai kila mwezi, mzigo uwepo usiwepo. Bima nayo hailali. Na lori lenyewe halipendi kusimama: betri inashuka, matairi yaliyobeba uzito mahali pamoja kwa muda mrefu yanaharibika umbo, kutu inashika kwenye breki, maji yanajikusanya kwenye tangi la dizeli. Wewe unatafuta uhuru wa kuondoka, na katika biashara hii aliye huru kuondoka ni dereva wa kuajiriwa asiye na deni. Ukimiliki lori la mkopo utakuwa na tajiri mkali kuliko uliye naye.

Tajiri wako nenda ukamwone kabla msimu haujaisha, ana kwa ana. Mwaka jana uliondoka tu, naye akafanya anachofanya mwenye gari yeyote. Safari hii mwambie unaondoka lini na unarudi tarehe gani, mwambie mwezi mmoja kabla utapiga simu kuthibitisha, na kama anakubali, liwekeni kwenye maandishi hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Mkabidhi gari limeoshwa, na kasoro zake zimeandikwa: taa gani haiwaki, breki ya gurudumu gani inavuta. Dereva anayekabidhi gari namna hiyo hukumbukwa. Angalia na tarehe za makaratasi yako, maana msimu unaweza kuanza huku leseni au cheti cha afya kimeisha ukiwa umelala nyumbani. Umoja wa Ulaya unadai dereva wa lori apate saa 35 za mafunzo kila baada ya miaka 5, na Marekani cheti cha afya cha dereva hakizidi miezi 24. Sheria ya kwenu ina tarehe zake. Ziandike ukutani.

Sasa nimefika kwenye usingizi, na hapa nakuomba usinisome haraka.

Unasema utalala miezi 5 ulipe usingizi wote unaodaiwa. Mwanangu, usingizi hauwekwi ghalani. Ukilala vizuri wiki kadhaa mwili unarudi hali yake, hilo ni kweli. Lakini ukirudi kazini ukaamka saa 11 alfajiri na kuendesha hadi saa 9 usiku, utasinzia kwenye kona ileile, hata kama ulipumzika mwaka mzima. Usiku ule ulikuwa macho saa 22. Watafiti waliopima jambo hili walikuta kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 huanza kuwa mzito kama aliyekunywa hadi kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi haziruhusu mtu kugusa usukani. Wewe ulikuwa umepita hapo kwa saa 5. Na uliendesha katika saa ambazo mwili wa kila binadamu unadai kulala, kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi. Lori lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakula meta 22 kila sekunde. Sekunde 4 za kufumba macho ni karibu meta 90. Huo ndio umbali kati ya kibao na changarawe.

Mapumziko yako ya kwanza, kwa hiyo, yawe ndani ya msimu wenyewe. Kwenye Umoja wa Ulaya dereva hapitishi saa 4 na nusu bila kusimama dakika 45, na kwa siku haendeshi zaidi ya saa 9, ila mara 2 kwa wiki anaruhusiwa 10. Marekani mwisho ni saa 11, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, na zote ziishe ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi. Angalia jambo hilo la mwisho. Foleni ya kupakia inahesabiwa. Wewe uliihesabu foleni kama kupumzika kwa sababu magurudumu hayakuzunguka, lakini ulikuwa unasogeza gari hatua kwa hatua juani, ukichunga nafasi yako. Siku foleni inapokula mchana wako, mzigo uondoke kesho. Najua tajiri hapendi kusikia hivyo, na najua mwaka jana deni lake lilikuziba mdomo. Ndiyo maana nimeanza na pesa. Dereva asiyedaiwa anaweza kusema "nimechoka, nitaondoka alfajiri" na maneno yakamtoka.

Huo mstari niliokuahidi ni ule wa kukoroma. Umeuandika kama lalamiko la mke. Mimi nimesoma kitu kingine. Mtu anayekoroma kwa nguvu, pumzi zikakatika, halafu akashtuka akitafuta hewa, huenda ana tatizo la njia ya hewa kuziba usingizini. Koo linalegea na kufunga, hewa haipiti, ubongo unamshtua avute pumzi, halafu analala tena bila kukumbuka lolote. Kwa mwenye tatizo kubwa hutokea mara nyingi kila saa, usiku kucha. Anaamka asubuhi akidhani amelala saa 8, kumbe mwili haukupumzika, na mchana anasinzia hata akiwa ameketi vizuri. Huwapata sana madereva wa malori, hasa wenye uzito mkubwa na shingo nene, na huendana na shinikizo la damu. Mimi si daktari na siwezi kusema unalo. Ila kama unalo, unaweza kulala nyumbani miezi 5 na ukarudi kazini na uchovu uleule.

Wiki yako ya kwanza nyumbani, kabla hujagusa shughuli nyingine, nenda hospitali. Mke wako aende nawe, maana yeye ndiye shahidi, wewe huwa umelala. Waeleze kuhusu pumzi, waeleze na kazi unayofanya. Omba upimwe shinikizo la damu, sukari na macho humohumo. Tatizo hili lina tiba: wapo wanaosaidiwa na kupunguza uzito na kuacha pombe usiku, wapo wanaolala na barakoa iliyounganishwa na mashine inayosukuma hewa kooni, na wengi wao husema hawakuwa wamejua kuamka bila uchovu kukoje. Usiogope kwamba leseni itaondoka. Kwa kawaida dereva anayetibiwa, tatizo likadhibitiwa, huendelea na kazi. Bila tiba unaijua tayari sauti ya changarawe.

Huko nyumbani nako, naomba umwelewe mkeo. Miezi 7 yeye ndiye amekuwa akiamua nani anaoga kwanza, nani anatumwa dukani, taa zinazimwa saa ngapi. Halafu unaingia wewe na miezi 5 mkononi, huna la kufanya, unaanza kuuliza kwa nini sufuria zimewekwa juu na kwa nini mtoto anaandika akiwa amelala kifudifudi. Kuvumiliwa huko mwezi wa tatu nadhani kunatoka hapo. Chukua kazi moja ya nyumba iwe yako kabisa, kila siku, isiyomsubiri yeye akutume: kuwaamsha watoto na kuwafikisha shuleni, kwa mfano. Tafuta na kazi ndogo ya nje ya siku 2 au 3 kwa wiki, hata kumfundisha kijana kurudisha trela nyuma, kurudi kinyumenyume na kuona pembe zake, kitu ambacho miaka 16 imekupa na vijana wengi wanakikosa. Mwili utachangamka, na mtakuwa na muda wa kukumbukana kati ya asubuhi na jioni.

Kuamka usiku wa manane mkono ukitafuta gia ni jambo la kawaida kwa wiki za mwanzo. Mwili bado uko kwenye ratiba ya barabara. Lala na uamke saa zilezile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya, na uache chai na kahawa baada ya mchana. Zikipita wiki 3 au 4 bila nafuu, mwambie daktari huyohuyo. Na siku ya kurudi kazini, wiki ya kwanza omba safari za mchana na za karibu. Baada ya miezi ya kutembea kwa miguu, mguu unasahau jinsi lori lililojaa linavyochelewa kusimama.

Nimebakiza moja. Mke wako anasema mwanamume mwenye nguvu zake hakai nyumbani miezi 5, na nikisoma barua yako sioni mahali ulipompa sababu ya kufikiri vingine. Umemwambia unataka kupumzika. Hujamwambia kuhusu kibao, wala changarawe, wala chupa ya maji uliyoshindwa kuifungua. Anabishana na uvivu ambao haupo, na wewe unamwacha abishane nao peke yake. Mpigie leo ukiwa umeegesha, umsimulie mwenyewe, kabla hajaisoma hapa na kukutambua kwa kukoroma kwako.